Kamba Nne za Machela

Jumatatu ile kulikuwa na jua zuri Kibabi, jua la kuanika maharage, na hakuna mtu mlimani aliyekuwa na sababu ya kuogopa chochote. Nasimulia kama niliyekuwepo, na kweli nilikuwepo, ila nilikuwa bado tumboni mwa mama yangu. Ulikuwa mwaka 1947. Haya nimepewa na watu wawili. Wa kwanza ni Nzabandora, kaka wa baba yangu, aliyenilea. Wa pili ni Gustave, dereva, mtu wa Walikale, niliyemtafuta baadaye ili nijue kama baba mkubwa alikuwa amechanganyikiwa na homa aliponieleza. Hakuwa amechanganyikiwa. Laiti angekuwa.

Baba mkubwa alikuwa mfunga mizigo wa shamba moja la pareto. Msicheke. Watu husifu dereva, lakini dereva anashika usukani tu. Kwenye kona za Masisi, anayeamua kama mzigo utafika au utalala bondeni ni yule aliyeufunga. Nzabandora alikuwa ametoka vitani na koti moja, kikohozi, na fundo moja alilofundishwa na askari wa mbali. Kamba ilizunguka mara mbili, ikapita chini ya mgongo wake yenyewe, kisha mkia ukafichwa ndani usionekane. Ukivuta, linakaza. Kulifungua ni kusukuma ule mkia kwa dole gumba, mara moja tu, na kamba yote inaanguka. Mlimani kote hakuna aliyelijua, wala yeye hakumfundisha mtu. Fundo lile ndilo lililomlisha.

Mzungu wa shamba tulimwita Sasa Hivi, kwa kuwa hakujua neno lingine la wakati. Alikuwa amemuuzia gari lake dogo mzungu mwenzake wa mgodini, Walikale. Gari lilikuwa na tumbo la chini na barabara ilikuwa tope tupu, kwa hiyo likaamriwa kwenda juu ya magurudumu ya wengine, ndani ya tela la pareto lililovutwa na lori la shamba. Tela lile lilifungika pande zote: mbao kandoni, bati juu, milango miwili nyuma yenye kufuli. Maua ya pareto yaliyokaushwa hayataki hata tone la mvua, ndiyo maana halikuwa na dirisha. Ukifungiwa ndani mchana, huoni mkono wako.

Walipanga mbao mbili za mkaratusi kama daraja, wanaume sita wakalisukuma gari hadi ndani, pua mbele, kwa sababu uzito ukikaa nyuma tela hucheza mkia barabarani. Breki ya mkono, gia, kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu, magunia ya pareto kila upande. Zilibaki kamba. Zilihitajika nne: mbili mbele, mbili nyuma, zipite chini kwenye ekseli, zipishane, zipande hadi kwenye pete za chuma ukutani. Baba mkubwa akaenda stoo. Panya walikuwa wamekula kamba zote za katani. Aliyoiona nzima, aliivuta kwa mikono miwili ikakatika kama tambi.

"Bwana, kamba haiko," akasema.

"Tafuta," Sasa Hivi akajibu. "Sasa hivi."

Na akaongeza kwamba kizuizi cha Masisi kinafungwa saa sita, na kwamba wafunga mizigo wako wengi. Siku zile barabara ya Walikale ilikuwa nyembamba, magari yakishuka Jumatatu na Jumanne, yakipanda Jumatano na Alhamisi. Ukikosa siku yako, umekosa juma zima.

Hapo ndipo baba mkubwa alipokumbuka machela.

Kila mlima kwetu ulikuwa na machela yake, *ingobyi*, kitanda kilichosukwa kwa mianzi na kubebwa mabegani kwa miti miwili. Mgonjwa hubebwa humo hadi zahanati ya misioni, mwendo wa saa tatu. Bibi harusi naye huletwa humo. Kila nyumba ina zamu ya kubeba, na asiyefika anapoitwa hupigwa faini ya pombe na hasalimiwi kwa mwezi mzima. Yetu ilitundikwa chini ya upenu wa Kanyamibwa, mzee aliyetuongoza sala za Jumapili. Miti yake ilishikwa na kamba nne za ngozi ya ng'ombe zilizosokotwa, nene kama kidole gumba. Ngozi hiyo ilitoka kwa ng'ombe aliyechinjwa siku Nyiraneza alipoletwa kuolewa na Benoît. Nyiraneza ni mama yangu. Benoît ni baba yangu.

Kwa Kanyamibwa hapakuwa na mtu, wote walikuwa shambani. Baba mkubwa alizifungua zile kamba moja moja, akazikunja, akazitia ndani ya koti lake la vita. Alijiambia atazirudisha Ijumaa kabla mtu hajaugua. Alijua shemeji yake ana mimba, lakini wanawake walisema bado mwezi. Ugonjwa haupigi hodi, hilo nalo alilijua. Akachukua tu.

Alifunga gari kama anavyofunga siku zote, bila haraka, fundo lake kwenye kila pete. Akafunga milango, akapiga kufuli, akaweka ufunguo shingoni. Gustave alikuwa ameshawasha lori aliposhusha kioo akatega sikio. Juu mlimani watu walikuwa wakiita, mwito ule wa kupokezana nyumba kwa nyumba.

"Ingobyi! Ingobyi-i-i! Batu ba kubeba!"

"Kuko shida kule juu?" Gustave akauliza.

Sasa Hivi alikuwa amesimama kando ya gurudumu na saa yake mkononi. Baba mkubwa aliusikia mwito vizuri. Aliniapia hivyo, hakujitetea hata kidogo: aliusikia vizuri, na kufuli lilikuwa pale, na ufunguo ulikuwa shingoni.

"Hapana," akasema. "Bako naita tu ngombe. Tukwende."

Wakaenda.

Walivuka Masisi, wakapanda hadi penye ukungu. Huko juu Gustave akasimamisha lori, kwa sababu kamba mpya hulegea na lazima ikaguliwe. Baba mkubwa akafungua milango, mwanga ukaingia, akajipenyeza kati ya magunia na gari. Kamba mbili za nyuma, sawa. Ya mbele kulia, sawa. Ya mbele kushoto haikuwepo. Pete ilikuwa tupu. Akapapasa sakafu, akapapasa chini ya gari. Mbao zilikuwa zimebanana, hata sindano isingepita.

"Ulifunga ngapi?" Gustave akauliza kutoka mlangoni.

"Ine."

"Mi naona tatu."

"Ntakuwa nilisahau moja."

Lakini hakuwa mtu wa kusahau kamba. Akaanza kuikaza ile ya mbele kulia, uso wake ukiwa karibu na kioo cha gari. Ndipo akaona kwamba kioo kimepata mvuke, duara dogo, mkabala na mikono yake. Akaupangusa kwa kiganja, haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.

Akatoka upesi, hakumwambia Gustave.

Kuelekea Nyabiondo njia inateremka, lakini lori lilivuta kwa shida. Gustave alishuka gia, kisha akashuka nyingine.

"Remoki imekuwa muzito," akasema, akionyesha tela kwa dole gumba.

Kisha wote wawili wakasikia. Mti ukilalamika kwenye kamba. Hiii. Hiii. Kwa mwendo mmoja. Na chini ya sauti ile, nyayo. Watu wengi, pekupeku, wakikimbia pamoja kama wabebaji wanavyokimbia. Gustave akatazama kwenye kioo cha kando. Nyuma kulikuwa na tela, barabara na tope. Tope halikuwa na alama ila za magurudumu.

Walifika kizuizi cha Nyabiondo alasiri, bado jua liko juu. Walifungua milango pamoja. Kamba zilizobaki zilikuwa mbili.

Kufuli halikuguswa. Kabari zote zilikuwa mahali pake. Gustave, aliyekuwa mrefu, akachungulia dirisha la nyuma la gari. Kiti kirefu kilikuwa kimebonyea, si kama mtu aliyekaa. Kama mtu aliyelala, magoti juu. Akafungua mlango wa gari, akagusa kile kiti. Akaleta mkono puani, halafu akaupangusa kwenye suruali, tena na tena.

"Maji," akanong'ona. "Na iko na moto."

Maji ya uvuguvugu. Gustave alikuwa baba wa watoto watano na alijua maji ya namna gani huwa na harufu ile. Akamshika baba mkubwa kwenye kola ya koti.

"Hizi kamba ulitosha wapi?"

Baba mkubwa akamwambia alikozitoa. Gustave aliachia koti kama limewaka moto. Kwao msituni, akasema, kitu cha kubeba mtu hakifungi mali. Hata mtoto anajua. Chombo cha kubebea kikishamzoea mtu, kinamfuata.

"Turudi," akasema.

"Leo ni siku ya kushuka. Barrière haifunguke."

Ilikuwa kweli: kizuizi kisingefunguliwa kwa gari linalopanda. Wala lori lenye tela lisingeweza kugeuka katika njia ile. Lakini kwa miguu mtu angeweza kurudi, na kama si kurudi, angeweza kumtuma mtu na habari. Baba mkubwa hakufanya hata moja. "Ile barrière ilinifurahisha," aliniambia. "Unasikia, binti yangu? Nilifurahi." Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponiambia hivyo, na tangu hapo sijasahau jinsi alivyolitamka neno lile.

Asubuhi ya Jumanne ilibaki kamba moja. Saa nne, kabla ya mteremko mkubwa unaoshuka mtoni, haikubaki hata moja.

Gari lilikuwa limesimama wima katikati ya tela, halijasogea hata upana wa kidole. Lakini kabari zilikuwa zimelala kando, zote nane, zimepangwa vizuri ukutani. Gustave akaketi kwenye nyasi akasema hashuki mteremko ule. Gari likiteleza litapiga ukuta wa mbele, ukuta utavunjika, tela litasukuma lori, na wote watakwenda mtoni. Baba mkubwa akazirudisha kabari. Akaingia, akajipenyeza hadi mbele kabisa, akasimama kati ya pua ya gari na ukuta.

"Funga mulango," akasema.

"Itakusaga!"

"Funga, kaka. Mimi njo nilifunga huu muzigo."

Aliniambia alitaka limsage. Hakuwa shujaa. Alikuwa mtu aliyechoka kujisikia moyoni, akaona hapo pana njia rahisi.

Milango ikafungwa. Giza. Lori likaanza kuteremka.

Akaweka bega lake kwenye gari, kama mbebaji anavyoweka bega kwenye mti wa machela. Alingoja uzito. Uzito haukuja. Tela liliinama mpaka magunia yakaserereka na kumpiga magoti, lakini gari halikumgusa. Lilikuwa limeshikwa. Alisikia pumzi. Haraka, fupi, kama za mwanamke anayesukuma. Zilitoka ndani ya gari, nyuma ya kioo.

Kisha sauti.

"Papa Séraphin."

Séraphin ni mwanawe wa kwanza. Kwa jina hilo shemeji zake walimwita. Shemeji wengine walikuwa mbali, Kitshanga. Mlimani alikuwa mmoja tu.

"Papa Séraphin. Musiniangushe."

Akajibu. Aliniambia alijibu, na Gustave, akiwa kwenye usukani, alisikia kelele bila kuelewa maneno. Baba mkubwa alisema, "Sitakuangusha, mama, sitakuangusha," mara nyingi, akilia, hadi chini.

Walipofika Walikale, mzungu wa mgodi alizunguka gari lake, akapitisha kidole kwenye rangi, hakuona hata mkwaruzo. Akampiga baba mkubwa begani. "Kazi muzuri," akasema. Hakuuliza kamba ziko wapi.

Walirudi Alhamisi. Mama yangu alikuwa amezikwa Jumanne.

Baba yangu Benoît alimsimulia kaka yake, kichwa kikiwa magotini. Uchungu ulikuja ghafla, na mtoto alikaa vibaya. Wakaita wabebaji, wabebaji wakaja wote, nyumba zote, hakuna aliyepaswa kupigwa faini siku ile. Ila machela haikuwa na kamba. Walitafuta, wakauliza, wakagombana, jua likapita kichwani. Mwisho wakasokota kamba za migomba. Penye kona ya mawe, karibu nusu ya njia, kamba za migomba zilikatika. Nilizaliwa pale, kwenye mawe. Mama alinishika kidogo.

"Na ile kamba," baba yangu akasema, "imerudia."

Jumatano alfajiri, Kanyamibwa alikuwa ameamka kusali akakuta machela chini ya upenu ikiwa na kamba zake nne. Zilinuka petroli. Zilikuwa zimefungwa kwa fundo ambalo hakuna aliyewahi kuliona mlimani, na hakuna aliyeweza kulifungua.

Wanaume walikuwa wanamngoja Nzabandora. Hawakusema kwa nini, wala hapakuwa na haja: nani mwingine anatembea na petroli, nani mwingine anaishi kwa mafundo? Kanyamibwa akaiteremsha machela mbele yake.

"Fungua, mwana," akasema taratibu.

Baba mkubwa alilitazama fundo akaona ni lake. Akasukuma dole gumba mahali pa mkia. Mkia haukuwepo. Akasukuma tena, akavuta, jasho likamtoka, kucha ikavunjika. Ndipo alipoelewa. Fundo lilikuwa lake, lakini limegeuzwa. Kulia kwake kulikuwa kushoto. Lilifungwa na mtu aliyejifunza kwa kuitazama mikono yake kutoka upande wa pili wa kioo.

Hakuweza kulifungua.

"Si yeye," watu wakasema, na wengine wakaona haya kwa kumdhania vibaya. Kanyamibwa akamwomba radhi mbele ya wote. Angeweza kusema hapo. Neno moja tu. Akapokea radhi ile, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe Annonciata, aliyekuwa na mtoto wa maziwa, anichukue ninyonye kwake.

Hivyo nilikulia kwa baba mkubwa, na sina ubaya wa kumsema. Nyama ilipopatikana, kipande changu kilikuwa kikubwa. Enzi zile mtoto wa mkono wa kushoto alichapwa hadi ageuke, na mimi nilikuwa wa kushoto kama mama yangu. Shuleni sista akanichapa mara moja. Baba mkubwa akaenda misioni kwa miguu, na sista hakurudia. Alinifundisha kufunga mbuzi kwa fundo lake nilipokuwa na miaka mitano, mimi peke yangu, si Séraphin. Lakini nilipofunga, aligeuza uso. Nilidhani nafunga vibaya.

Machela iliendelea kutumika kwa mafundo yale yale. Miaka kumi na miwili, hakuna mgonjwa aliyeanguka. Baba mkubwa alibeba kila zamu yake na hata zamu za wengine, mpaka bega la kulia likaota nundu. Yeye mwenyewe hakukubali kupandishwa humo hata siku moja. Akiugua, alitembea.

Mwaka 1959, msimu wa mvua, kile kikohozi cha vita kikamlaza chini. Alitema damu asubuhi, na Annonciata akawaita wabebaji. Yeye akamtoa kila mtu nyumbani, akaniita. Akanieleza yote haya, kwa sauti ndogo, akipumzika katikati.

"Siwezi kupanda juu ya mafundo yake," akasema mwisho. "Nimejaribu kuyafungua, miaka yote. Inakataa mukono yangu. Weye utaweza. Wende ufungue, bafunge yabo. Halafu banibebe."

Nilimtazama. Sikulia. Nilitoka mbio hadi kwa Kanyamibwa, nikaishusha machela. Nikaweka dole gumba langu la kushoto, nikasukuma. Fundo likafunguka mara moja. La pili. La tatu. La nne. Yalifunguka kama yalikuwa yananingoja.

Kisha nikasikia sauti za wanaume wakija. Nikazikumbatia kamba zile nne, nikaingia kwenye shamba la maharage nyuma ya nyumba, nikachuchumaa. Sikupanga. Miguu ilinipeleka.

"Kamba iko wapi?" nikamsikia mmoja. "Jana ilikuwa hapa!"

"Ee Mungu, tena?" Kanyamibwa akasema.

Wakaanza kuita mlima mzima, nyumba kwa nyumba, mwito ule ule. Ingobyi-i-i. Niliusikia vizuri. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwao, na kamba zilikuwa kifuani pangu, zikiwa na joto. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda wa kusali Salamu Maria hamsini, najua, kwa sababu nilikuwa nazisali. Na nilifurahi. Sasa mnalijua hilo neno.

Nilipotoka niliwaambia nilizikuta kwenye nyasi. Walizifunga kwa fundo la kawaida, upesi upesi, wakambeba. Nilikimbia kando yao. Kwenye kona ya mawe baba mkubwa alifumbua macho, akatazama mikono yangu. Nadhani alijua. Akasema, "Musiniangushe." Hawakumwangusha. Alikata roho hatua chache mbele, zahanati ikionekana ng'ambo.

Kanyamibwa alimfumba macho. Akatikisa kichwa.

"Tungefika mbele kidogo, bila kuchelewa kwa kamba," akasema, "padri wa dawa angemusaidia."

Tulimzika siku ya pili. Machela ilirudishwa chini ya upenu, tupu, kamba zimeviringishwa pembeni zikauke, kwa sababu zilikuwa na damu. Niliziona kwa macho yangu zikiwa zimeviringishwa. Asubuhi iliyofuata Kanyamibwa akatuma mtu aniite. Nikaenda. Kamba zilikuwa mahali pake, zimekazwa kwenye miti, kwa fundo lililogeuzwa, mkia umefichwa upande wa kushoto. Zilinuka petroli mbichi, na mlimani hapakuwa na gari.

Kanyamibwa aliutazama mkono wangu wa kushoto.

"Ni weye unafunga hivi, Verdiane?"

Nikasema hapana. Ilikuwa kweli, sikuzifunga mimi. Aliniamini, akaniomba radhi, nami nikaipokea.